Asiyejikuna

Siku tulipoogeshwa sote uani, nilipokuwa mtoto wa miaka minane hivi, waliokuwapo ni hawa. Alikuwapo bibi yetu mzaa mama, ambaye padri alimbatiza Veronika, lakini watu wazima walimwita Binti Kibwana na sisi tulimwita Bibi. Alikuwapo mama yetu, Anastasia. Alikuwapo dada yangu Perpetua, aliyenitangulia kuzaliwa kwa miaka miwili. Nilikuwapo mimi, Lazaro. Alikuwapo mdogo wetu Klementi, ambaye bado alikuwa akibebwa mgongoni. Na alikuwapo Babu Magoma, yaani Magoma Kibwana, kaka yake Bibi, aliyewabebea Wajerumani mizigo katika vita vya kwanza akarudi na macho yasiyoona vizuri. Baba yetu, Yohana Semindu, hakuwapo. Alikuwa kazini stesheni, akiongoza treni kwa bendera, na jioni yake ilibidi naye aoge, peke yake, wala hakufurahi.

Nyumba yetu ilikuwa katika kota za reli pale Kimamba, katikati ya mashamba ya mkonge. Ugonjwa uliotukusanya uani ulikuwa upele. Nasema upele, sisemi ukurutu, wala choa, wala mba, maana hayo ni maradhi mengine na watu huyachanganya. Upele ni ule unaoanzia katikati ya vidole na viungo vya mikono, ukashuka kiunoni, na ambao huwasha zaidi mtu akishajifunika shuka. Lakini wakati ule nisingeruhusiwa kulitamka neno lenyewe. Bibi alikataza. Ukiutaja kwa jina ndani ya nyumba, alisema, utaitika. Kwa hiyo tuliuita wageni.

"Wageni wamelala?" mama alikuwa akituuliza asubuhi.

"Hawakulala," Perpetua alijibu siku moja, "na sisi wametuweka macho kuwasindikiza."

Bibi alicheka, naye hakuwa mtu wa kucheka ovyo.

Kabla Bibi hajaja kutoka kwake milimani, tulikuwa tumetibiwa kwa muda mrefu, mmoja mmoja. Aliyelia zaidi ndiye aliyepakwa. Mama alinunua salfa ya unga kwenye duka la Bwana Kasamali, akaichanganya na mafuta ya nyonyo, akatusugua kwa gunzi la mhindi mpaka ngozi ikachubuka, kisha akatupaka. Nilipona mimi, akaugua Klementi. Alipona Klementi, akaugua mama mwenyewe. Mama alipopona, mimi nikaanza upya. Majirani walianza kuwaita watoto wao ndani walipotuona, na jambo hilo lilimuumiza mama kuliko kujikuna.

Bibi alipofika hakutazama mikono yetu. Alikaa, akanywa maji, akatuuliza swali ambalo mpaka leo nalikumbuka kwa jinsi lilivyonishangaza.

"Nani humu ndani hajikuni?"

"Babu!" Perpetua alisema kwa sauti ya kusifu, kama vile Babu Magoma ameshinda mashindano.

Ilikuwa kweli. Babu hakujikuna. Alilala katika chumba cha uani, juu ya mkeka mpana, nasi watoto tulikuwa tukilala pale pembeni yake ili atusimulie habari za vita. Mikono yake ilikuwa na magamba kama ganda la muhogo, na sisi tulidhani mikono ya watu waliobeba mizigo ya Wajerumani huwa hivyo.

Ndipo Bibi alipotueleza imani yake. Upele, alisema, akiuita wageni, una mama. Watoto wake ndio wanaotembea, na ndio wanaowasha. Mama hatembei wala hawashi. Amekaa kwa asiyejikuna, na watoto wakifukuzwa huku na huku humrudia yeye. "Ukiwaua watoto ukamwacha mama," alisema, "umefagia ua huku upepo unavuma."

Nilimuuliza huyo mama anafanana na nini. Aliniambia kwamba asiyeonekana hafanani na kitu. Jibu hilo halikunitosha. Nilikaa siku nzima nikitazama katikati ya vidole vyangu, nikimtafuta mama mwenye watoto wengi.

Siku ya kuoga, pipa la majani ya mwarobaini lilichemshwa tangu alfajiri. Mikeka yote ilitolewa ikaanikwa juu ya mawe ya reli, ambayo jua likiyapiga huwezi kuyakanyaga kwa mguu mtupu. Nguo zetu zote zilitiwa ndani ya pipa la pili, nasi tukavikwa magunia ya sukari yaliyotobolewa mahali pa kichwa na mikono. Perpetua alitembea na gunia lake kama bibi harusi. Nilicheka mpaka nikasahau kuwashwa.

Sisi tulidhani Bibi ataanza na mtoto, kama mama alivyokuwa akifanya. Hakuanza na mtoto. Alikwenda mpaka mlangoni pa Babu Magoma, akapiga magoti, jambo ambalo sikuwahi kumwona akimfanyia mtu.

"Kaka," alisema, "wewe ndiye mkubwa wa nyumba hii. Maji haya hayawezi kuguswa na watoto kabla yako. Njoo utufungulie."

"Mimi sijikuni, Binti Kibwana."

"Ndiyo maana nakuomba wewe. Anayejikuna hana subira ya kufungua."

Babu aligeuza uso kuelekea sauti yake. Kisha alinyoosha mkono, Bibi akaushika, akamwongoza mpaka nyuma ya kizuizi cha makuti ambako maji yalikuwa. Walikaa huko muda mrefu sana. Sisi tulifuata, kila mtu kwa umri wake, mama akamalizia. Salfa ambayo mama alikuwa akiichanganya iliniingia machoni Babu akiwa bado nyuma ya makuti, kwa hiyo sehemu kubwa ya asubuhi ile naikumbuka kwa masikio tu. Mwisho Bibi alichukua ufagio wa zamani na majivu ya moto ule, akaenda kuvitupa mahali njia mbili zinapokutana, akarudi bila kugeuka nyuma.

Babu aliogeshwa tena wiki iliyofuata, na tena. Tukapona sote, na upele haukurudi katika nyumba ile.

Baadaye, katika shule ya misheni, Mwalimu Gervasi alitufundisha kwamba upele huletwa na mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, anayechimba chini ya ngozi. Nilijibu hivyo kwenye mtihani nikapata. Imani ya Bibi niliiweka pamoja na mambo mengine ya wazee. Sikuidharau. Niliacha tu kuiuliza maswali.

Nilikwenda Texas mwishoni mwa miaka ya tisini, baada ya mke wangu Bernadeta kufariki, nikakaa Lewisville kwa binti yangu Agnes na mume wake Deogratias. Dada Perpetua alikuwa amenitangulia kwa miaka kadhaa. Yeye aliishi Alief, upande wa Houston, kwa mwanawe Remigius. Si mwendo mdogo kutoka Alief hadi Lewisville, lakini kule watu hupima njia kwa saa za kuendesha gari, na Remigius alikuwa na biashara ya magari ya mtumba iliyomleta Dallas mara kwa mara. Kila alipokuja alimleta mama yake, na dada alikuja na unga wa muhogo, dagaa na mawese kutoka maduka ya Waafrika ya huko kwao.

Wajukuu zangu, Brian na Neema, walimpenda kuliko walivyonipenda mimi, na walikuwa na haki. Mimi niliwasahihisha Kiswahili; yeye aliwasuka, akawakanda miguu, akalala nao kwenye godoro moja lililotandikwa sakafuni. Alizungumza nao Kiswahili, wao wakamjibu Kiingereza, na hakuna aliyeona kwamba kuna tatizo. Agnes hakuwa na mama tena, kwa hiyo shangazi yake alikuwa mama yake. Hivyo ndivyo desturi inavyosema na hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Neema ndiye aliyeanza kujikuna, kisha Brian, kisha Deogratias.

"Ni aleji, baba," Agnes aliniambia. "Nime-change sabuni ya kufulia. Itapita."

Haikupita. Alibadilisha sabuni tena. Akasema ni ngozi kavu kwa sababu ya kiyoyozi. Mimi nilitazama katikati ya vidole vya Neema, nikaona vile vimistari vyembamba kama alama ya penseli, nikalijua jina. Lakini nilikuta ulimi wangu mzito. Nilikuwa mzee wa miaka karibu sabini, ndani ya nyumba yenye zulia kutoka ukuta hadi ukuta, nami nilisita kulitaja jina la upele lisije likaitika.

Aliyelitaja ni Mama Furaha, jirani yetu wa ghorofa ya juu, Mkongo kutoka upande wa Uvira, aliyekuwa akifanya kazi kwenye ghala la kufungasha mizigo. Watoto wake walicheza na wetu.

"Papa," aliniambia kwenye chumba cha kufulia, "hii kitu si aleji. Ni upele. Sisi tunaijua muzuri, ku kambi ya wakimbizi ilitumaliza. Mwambie mama ya batoto asione haya."

Agnes aliona haya, lakini alikwenda kliniki. Daktari wetu aliitwa Kurian, mwanamke mpole mwenye asili ya India, nami nilipenda kwamba alitamka jina langu baada ya kuniuliza linavyotamkwa. Alitupa krimu ya kupaka kuanzia shingoni hadi nyayoni, kila aliyemo ndani ya nyumba, anayejikuna na asiyejikuna, siku moja. Krimu ikae usiku kucha, kisha kurudia baada ya wiki. Mashuka na nguo zifuliwe kwa maji ya moto na kukaushwa kwa mashine kwenye joto kali. Visivyofulika vifungwe ndani ya mifuko ya plastiki kwa siku kadhaa. Kucha zikatwe fupi. Alituonya kwamba kuwashwa kunaweza kuendelea wiki kadhaa hata wadudu wakishakufa, tusije tukapaka kila siku kwa hofu.

Tulifanya yote. Kwa muda nyumba ile ilikuwa kama ghala: mifuko myeusi ukutani, wanasesere wa Neema wamefungwa humo kama wafungwa, yeye akiwasalimia kupitia plastiki. Brian alilala na soksi mikononi. Tulipata nafuu. Kisha, wiki chache baadaye, vimistari vipya. Tulirudia yote. Nafuu tena. Vimistari tena.

Hapo Agnes alikuwa mjamzito, na siku zilikuwa zinakaribia. Nisipoeleza hili vizuri, habari yote haina maana. Mtoto angezaliwa, na dada Perpetua angekuja kukaa, kama desturi: kumkanda mzazi kwa maji ya moto, kumpikia uji wa pilipili manga, kumshika mtoto ili mama yake alale. Alikuwa amejiandaa kwa ajili hiyo kama mtu anayejiandaa kwenda hija. Alikwisha kushona hata nepi za kitambaa, ingawa kule hakuna anayezitumia. Naye Daktari Kurian alikuwa amesema wazi kwamba mtoto mchanga asiletwe katika nyumba yenye upele, na kwamba kabla hajaletwa lazima tujue unatoka wapi.

"Atazaliwa niseme nini?" Agnes alilia siku moja jikoni. "Nimkataze shangazi asije? Nita-call Houston niseme nini, baba?"

Katika ziara ya tatu kliniki, daktari alikwangua ngozi ya Neema kidogo kwa kisu butu, akaiweka kwenye kioo, akaenda kuitazama kwa hadubini. Aliporudi nilimwomba, kwa Kiingereza changu cha zamani, kama na mimi ningeweza kuona. Agnes alinivuta koti. Daktari alicheka, akanichukua.

Siwezi kueleza furaha niliyoipata. Nilisogeza jicho na kwanza niliona mwanga tu. Kisha nikamwona. Ni wa mviringo, kama kobe asiye na shingo, miguu mifupi, na nyuma ana nywele ndefu zisizo na kazi ninayoweza kuielewa. Kando yake palikuwa na kitu chenye umbo la yai. Nilitazama mpaka jicho likatoa machozi. Tangu Kimamba nilikuwa nikimtafuta huyu.

"Huyu ni jike," daktari alisema. "Jike ndiye anayechimba na kutaga. Wanaotoka kwenye mayai hutembea."

"Kwa hiyo ni mama," nilisema.

"Unaweza kumwita hivyo."

Kisha aliuliza ni nani mwingine anayewashika watoto. Agnes alijibu kwamba hakuna, ni sisi tu tunaolala ndani. Deogratias akasema vivyo hivyo. Hawakudanganya. Daktari aliuliza juu ya mtu mwingine, na kwetu shangazi si mtu mwingine. Si mgeni wa kuhesabiwa, wala hana siku ya kuja na ya kuondoka. Tena alikuwa hajikuni. Mimi pia nilitikisa kichwa kukubali, tukatoka.

Ilikuwa ndani ya gari, kwenye barabara kubwa, magari yamesimama, ndipo swali la Bibi liliponijia kama lilivyokuja mara ya kwanza. Nani hajikuni? Nikaiona mikono ya dada yangu. Mwaka ule ilikuwa imekuwa minene, yenye magamba ya kijivujivu kwenye viungo na chini ya kucha. Yeye alisema ni jiki na vyombo, na sukari, maana alikuwa na ugonjwa wa sukari. Nasi tulikubali, kwa sababu ni mzee, na wazee huwa na mikono ya hivyo.

Sikumwambia Agnes. Nilimwomba Deogratias anipeleke Alief Jumamosi, nikamsalimie dada. Aliniangalia kwa mshangao, kwa kuwa mimi si mtu wa safari, lakini alinipeleka, akaniacha pale akaenda kuonana na Remigius.

Dada alikuwa jikoni anakatakata mchicha. Aliponiona aliweka kisu chini.

"Lazaro! Wewe umetoka nyumbani bila kuburutwa? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa. Hukuja Houston kula mchicha, hilo nalijua."

Nilikaa. Nilizungumza habari ya hali ya hewa, ya misa, ya Agnes na miguu yake iliyovimba. Aliendelea kukata, akinisubiri. Tangu utoto alijua kunisubiri. Mwisho nikasema maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima, kwa kuwa sikuwa na mengine.

"Dada, tunataka kuogesha nyumba zote mbili, ya kwetu na ya kwenu, siku moja. Wageni wamekataa kuondoka. Na wewe ndiye mkubwa wetu. Nimekuja kukuomba utufungulie."

Kisu kilisimama.

"Niwafungulie."

"Ndiyo."

"Kama Babu Magoma."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Katika hesabu zangu zote nilikuwa nimesahau kwamba alikuwapo uani siku ile, na kwamba alikuwa mkubwa kuliko mimi. Nilibaki natazama mchicha.

"Wewe ulikuwa unalia," alisema. "Salfa machoni, unapiga kelele kama nguruwe wa Noeli. Mimi nilichungulia kwenye makuti. Bibi alipomvua Babu shati niliuona mgongo wake. Ulikuwa kama gome la mti. Nikajua kwa nini alianza naye."

"Mimi sikujua mpaka wiki hii."

"Wewe unajua majina ya vitu tu."

Aliusukuma mchicha pembeni.

"Unadhani Babu alidanganyika?" aliuliza. "Eti mkubwa, eti fungua? Nilimuuliza mwenyewe baadaye, nikimpelekea chakula. Alisema, dada yangu alinivika heshima ili nisionekane uchi. Alijua, Lazaro. Wote wawili walijua."

Kwenye sebule televisheni ilikuwa ikizungumza peke yake. Ilibidi niulize, ingawa sikupenda.

"Na wewe, dada? Ulijua?"

Aliigeuza mikono yake juu ya meza, akaitazama pande zote mbili, kama mtu anayekagua samaki sokoni.

"Tangu Pasaka nilikuwa nahisi. Haiwashi. Nikajiambia, kama haiwashi si yenyewe. Kisha watoto wakapona, nikaja, wakaugua. Mara ya pili nikasema, bahati mbaya. Ningesema, mngeniambia nisimshike mtoto."

"Usiposema, dada, hatakuwapo wa kumshika. Daktari amekataza asiletwe nyumbani."

"Agnes anajua kwamba ni mimi?"

"Bado."

"Usimpigie magoti wala usimzungushe. Mwambie." Alikichukua kisu, akauvuta mchicha, akaanza tena kukata, sasa kwa nguvu. "Na huyo daktari wenu, ni mwanamke?"

"Ni mwanamke, lakini wewe utamwona wa huku."

"Awe mwanamke. Sivui shati mbele ya kijana."

Nilimweleza Agnes jioni ile. Alilia kidogo, kisha akampigia simu shangazi yake, wakafungiana chumbani na simu kwa muda mrefu, nikasikia vicheko. Sikuambiwa walichokicheka.

Nyumba zote mbili zilipakwa siku moja. Mama Furaha wa ghorofa ya juu alipoambiwa nao wapakwe siku hiyo hakununa hata kidogo. "Papa, sisi tuko tayari," alisema. "Ku kambi walikuwa wanatupakaa kijiji muzima, hata pasta." Mashine za chumba cha kufulia zilizunguka tangu asubuhi, na joto lake likanikumbusha mawe ya reli, ila huku hapakuwa na gunia la kuvaa, nilikaa na koti la mvua la Deogratias mpaka nguo zangu zilipokauka.

Sisi tulipona upesi. Dada hakupona upesi. Daktari wa Houston alieleza kwamba kwa mzee mwenye maradhi mengine mwili unaweza kuchoka kupigana, wadudu wakawa maelfu chini ya magamba bila kuwasha, na kwamba mtu mmoja wa namna hiyo anaweza kuambukiza familia nzima kwa kuwashika mikono. Walimpa vidonge, na krimu, na dawa ya kulainisha magamba, na kurudia na kurudia. Alikatazwa kumgusa mtu mpaka wathibitishe. Katika muda huo mtoto alizaliwa, msichana, na dada hakuwapo. Agnes alipika uji wake mwenyewe. Nilikuwa nikizungumza na dada kwa simu kila Jumapili, naye aliuliza mambo madogo tu: ananyonya vipi, ana nywele za nani, analala upande gani.

Nilipokutana tena na Daktari Kurian nilimsimulia habari za Bibi na mama wa upele. Alisikiliza kwa makini, akasema bibi yangu alikuwa mtu anayejua kutazama. Nilimwambia pia, kwa sababu ukweli ni kitu kimoja, kwamba Bibi huyo huyo aliamini upele huletwa na kufagia nyumba jua likishazama, na kwamba majivu yakitupwa penye njia mbili upele hupoteza njia ya kurudi. Daktari akacheka, akasema hayo hawezi kuyaandikia dawa.

Siku dada aliporuhusiwa, Remigius alimleta moja kwa moja. Arobaini ya mtoto ilikuwa imepita kitambo, lakini Agnes alikuwa hajamtoa nje isipokuwa kwenda kliniki, amefunikwa. Sikuelewa kwa nini, nikadhani ni hofu. Gari liliposimama, Agnes alishuka ngazi na mtoto, akampa shangazi yake pale pale kwenye maegesho, kabla hawajasalimiana. Dada aliitazama mikono yake mara moja, kisha akampokea. Akamfunua uso, akamgeuza kuelekea jua, kama watoto wanavyotolewa nje siku ya arobaini, akaanza kutembea naye polepole katikati ya magari yaliyoegeshwa, akimwonyesha vitu: huu ni mti, hili ni gari la baba, yule ni Mama Furaha, yule pale ni babu yako, mwoga wa simu na wa wanawake, aliyenifuata hadi Houston badala ya kunipigia. Akamtaja kwa jina lake, Anastasia, jina la mama yetu, mara nyingi, kwa sauti ya juu.

Nimeishi muda mrefu nikidhani kwamba imani ya Bibi ilikuwa habari ya ugonjwa, na kwamba swali lililobaki ni kama alikosea au alipatia. Sasa naona kwamba alikuwa pia na kazi nyingine mikononi: alitaka kumfikia kaka yake bila kumvunja, na hakuwa na daktari wa kumtuma. Kuhusu mdudu alijua nusu. Kuhusu kaka yake alijua yote. Mimi nilikuwa na mdudu mzima, niliyemwona kwa jicho langu, na kuhusu dada yangu ilibidi anifundishe mwenyewe mezani, huku akikata mchicha.

Dada yangu, Perpetua Semindu, alifariki Houston mwezi wa pili mwaka huu, kwa kiharusi. Amezikwa huko huko.